Mgeni wa Pili Hakufika

Yule binti alikuja kwangu Kikuyu, hapa Dodoma, Jumamosi asubuhi, nikiwa mlangoni nachambua mchicha. Aliletwa na mjumbe wetu wa mtaa. Mjumbe akija na mtu nisiyemjua, moyo wangu hunywea, maana miaka yote hajawahi kuniletea jambo la heri. Binti akakunja goti kidogo, "Shikamoo mama," nikamwitikia, nikamsogezea kigoda.

Akasema wao ni kikundi cha vijana waliosomea ujenzi, na wamepewa ruhusa kuyafungua majengo ya mji wananchi wayaone kwa ndani. Watu watazungushwa kwa makundi: stesheni ya zamani, kanisa lenye kuba, msikiti, na mwisho ule ukumbi wa wakulima. Kila jengo lina mtu wa kulieleza.

"Ukumbi tunautafutia mtu aliyeujenga," akasema. "Wakubwa tunao tayari. Tunataka mtu wa kazi. Tumesikia akina mama ndio waliopandisha zege, na walikuwa wanaimba."

"Nani kawaambia?"

"Mjumbe."

Nikamtazama mjumbe. Mjumbe akatazama mchicha.

Ukumbi ule nilikuwa sijauingia kwa zaidi ya miaka ishirini. Nikienda sokoni nikifika pale huvuka barabara, nipite upande wa pili, halafu navuka tena kurudi. Watoto wangu walikua wakidhani ndivyo mama anavyotembea. Lakini siku ile nilisema ndiyo. Binti alifurahi, akadhani nimependa ziara zake. Ukweli ni kwamba nilitaka kuingia mle ndani mara moja kabla sijafa nilitamke jina la mwenzangu kwa sauti, basi.

Nieleze sasa, ili anayesoma asipotee. Majina sitaandika, si langu wala la mtu mwingine. Kazi zao nitazitaja na wenyewe watajijua: kulikuwa na mkandarasi, kulikuwa na nyapara wake, na kulikuwa na karani. Mkandarasi ameshakufa. Wawili wapo.

Ukumbi ulijengwa na chama kimoja cha wakulima ambacho siku hizi hakipo. Ni jengo zuri, hilo sitalinyima. Kuta za mawe ya hapa hapa Dodoma, madirisha marefu kama ya kanisani, na juu roshani mbili, moja mashariki na moja magharibi, watu wakae kule watazame mkutano chini. Mashine ya kukoroga zege ilikuwepo, ikafa wiki ya kwanza. Basi wanaume wakawa wanakoroga chini kwa makoleo, na sisi wanawake kumi na wanne tukajipanga kwenye ngazi ya mbao, karai likapita mkono kwa mkono mpaka juu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nimetoka kwetu upande wa Ihumwa. Shule nilikuwa nimeishia darasa la nne.

Aliyesimama wa kwanza chini, karibu na simenti, ndiye aliyekuwa mwimbishaji wetu. Mrefu, mweusi, ana pengo la meno ya mbele, na sauti yake ukiisikia mara moja unaijua maisha yako yote. Sisi wa juu hatukuwa tunaona chini. Kwa hiyo yeye alituambia kwa wimbo kazi imefika wapi. Kila korogo moja la zege lilikuwa linataka mifuko miwili ya simenti. Ukikatwa mfuko wa kwanza anaimba, kwa Kigogo, mgeni wa kwanza kaingia, mpisheni akae. Ukikatwa wa pili anaimba, mgeni wa pili kaingia, mpisheni akae. Hapo tunajua sasa maji yanamwagwa, tujiandae, makarai yanakuja. Wa juu wanaitikia. Siku nzima hivyo. Ilikuwa kazi ya kuua mgongo, lakini mimi sijawahi kucheka kama nilivyocheka kwenye ile ngazi.

Siku ya kumwaga roshani ya mashariki, pikapu ya mkandarasi ilikuja asubuhi. Siku nyingine ilikuja kushusha mifuko, siku ile ilikuja kupakia. Nyapara mwenyewe alisimama pale akihesabu, na ilipoondoka akawaambia wakorogaji: mfuko mmoja kila korogo, ongezeni mchanga. Mkorogaji mmoja akauliza. Akajibiwa, "Wewe ni injinia?" Akarudi kwenye koleo lake.

Sisi juu tukasubiri wimbo. Tukasikia mgeni wa kwanza kaingia. Kimya. Halafu yule dada akaimba: mgeni wa pili kalala njiani, leo tutakula bila yeye.

Tulicheka mpaka karai likataka kutuponyoka. Nyapara hakuwa mtu wa huku, Kigogo hakujua hata neno, akaona wanawake wamechangamka naye akapiga makofi. "Hivyo hivyo, akina mama! Kazi na wimbo!" Basi tukazidi kucheka. Siku nzima mgeni wa pili alilala njiani, na sisi tukampandisha yule wa kwanza peke yake, karai kwa karai, kwa mikono yetu. Hakuna aliyesema kitu. Tuliona tumeshamsema kwenye wimbo, inatosha.

Wiki kadhaa baadaye wakaondoa mirunda iliyokuwa inashikilia zege. Mimi na yule dada tulikuwa chini tunakusanya mbao. Nusu ya roshani, ile ya kusini, ikashuka yote. Mimi nilitolewa alasiri, nyonga imevunjika. Yeye walimtoa baada yangu, kwa sababu hakuwa anahitaji haraka tena, ndivyo alivyosema mtu mmoja pale, nikamsikia.

Hospitali akaja karani. Mpole, amevaa shati jeupe, akaniuliza, "Mama, ulisikia ardhi ikitikisika?" Nikasema ndiyo. Kwani uongo? Kila kitu kilitikisika. Huku kwetu ardhi hutikisika kweli, kila mtu analijua tetemeko, ukiulizwa unajibu. Nilidhani ananipa pole. Akashika mkono wangu, akabonyeza kidole kwenye wino, akabonyeza kwenye karatasi, akaniwekea mkono vizuri juu ya shuka. Mkandarasi akaniletea blanketi na kilo mbili za sukari. Baada ya hapo nikasikia kwa watu kwamba roshani iliangushwa na tetemeko, na shahidi ni mimi.

Hicho ndicho nilichokuwa nakwepa nikivuka barabara. Watu walidhani naogopa jengo.

Basi turudi kwa binti. Mazoezi yalikuwa Alhamisi, ziara ni Jumamosi. Nilifika nikasimama mlangoni kidogo, nikaingia. Mafaili na viti vibovu vilivyokuwa vimejazwa mle miaka yote vilikuwa vimetolewa, sakafu imeoshwa, jua linaingia kwenye yale madirisha. Nikaona kweli ni pazuri. Nilichukia kuona hivyo.

Binti alikuwa na karatasi zake. Mzee mmoja alikuwepo, mhandisi mstaafu waliyemwomba awakagulie majengo, ameegemea ukuta anatafuna karanga. Na juu, roshani ya mashariki, vijana wawili walikuwa wanafunga vitambaa vya rangi kwenye vyuma.

"Mama, wewe utasimama hapa," binti akasema. "Ukishaimba, kundi la ngoma litaitikia kutoka juu kule, halafu wacheze. Wageni wengine watakuwa wamepanda nao. Tumepanga kama arobaini kwa mara moja. Itapendeza!"

"Ngoma gani?"

"Ya hapa hapa kwetu. Ile ya kuruka."

Ile roshani sikuwa nimeitazama bado, nilikuwa natazama sakafu. Nikainua macho. Nusu ya kusini, iliyoanguka, waliimwaga upya kwa simenti ya kutosha maana kipindi kile watu walikuwa wanaangalia. Nusu ya kaskazini haikuanguka. Ilibaki inaning'inia, wakaipiga lipu, wakaipaka rangi, ikafanana na mwenzake. Miaka yote ilikuwa imebeba mafaili. Sasa ilikuwa inataka kubeba watu arobaini wanaoruka.

"Haya mama, tuimbie kidogo tusikie."

Nikafungua mdomo nikiwa sijui nitasema nini. Nikaimba mgeni wa kwanza kaingia. Na nilipofika kwa wa pili, ulimi ukaenda wenyewe kwenye maneno ya siku ile. Kalala njiani, leo tutakula bila yeye. Binti akapiga makofi. Mhandisi akaacha kutafuna.

"Mbukwa, mama," akanisalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa." Sikujua kama ni mtu wa kwetu.

"Hapo mwisho, rudia."

Nikarudia.

"Mgeni ni nani?"

"Ni mfuko wa simenti."

"Na wa pili kalala njiani kwa nini?"

"Kwa sababu hakufika. Alipakiwa kwenye pikapu."

"Siku zote mlimwaga hivyo?"

"Siku moja." Nikanyoosha kidole. "Siku ya pale. Nusu yake iliniangukia."

Kijana mmoja juu alikuwa ameshamaliza kufunga kitambaa. Akaruka mara mbili papo hapo, kumwonyesha mwenzake ngoma itakavyokuwa.

"Ninyi wawili," mhandisi akasema, taratibu kabisa kama anayeongea na mtoto aliyeshika kisu. "Shukeni."

"Bado upande huu, bosi!"

"Shukeni. Mmoja mmoja. Msiruke."

Walishuka wanacheka. Walipomwona usoni wakaacha.

Binti akasema ni wimbo tu, mzee, na matangazo yameshatoka, na ripoti ya zamani inasema ni tetemeko na kila kitu kilirekebishwa. Mhandisi akamwambia, "Ripoti hiyo nimeisoma na mimi, ndiyo maana nikakuruhusu. Iliandikwa na mtu aliyekuwa ofisini. Huyu alikuwa chini ya zege."

Sasa sikilizeni. Tukiwa bado hapo, ndiyo akaingia nyapara. Sikumtegemea. Kumbe alikuwa amealikwa kama mgeni rasmi, mjenzi wa ukumbi, akaja kuangalia atakaa kiti gani. Amenenepa, ana suti, ana duka la vifaa vya ujenzi. Akasalimia kila mtu, akanifikia.

"Huyu mama namkumbuka! Alikuwa mvivu mvivu hivi." Akacheka. Akangoja shikamoo yake. "Siku hizi hatusalimiani?"

"Wewe nilishakusalimia kwa kidole," nikamwambia. "Kwenye karatasi."

Mhandisi akamweleza anachokishuku. Nyapara hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema kwa upole kwamba lilikuwa tetemeko, mji mzima unajua, na kwamba wanawake wa vibarua wana maneno mengi. "Na kama alivyosema mwenyewe, karatasi ina kidole chake. Mwulizeni kama si chake."

Wote wakanigeukia. Hapo ndipo niliposimama miaka yote ile, jamani, hapo hapo, mbele ya swali lile, nikivuka barabara ili nisiulizwe.

"Ni changu," nikasema. "Nilikuwa nimelala chali, nyonga imevunjika, karani wenu akakitumia kama muhuri. Lakini ni changu."

"Mnaona? Amekubali."

"Kidole nimekubali. Sasa toboeni zege, nalo tulisikie."

Mhandisi alikuwa na mashine ya kutoboa kwenye gari. Kwanza akawaita vijana wakasimamisha mirunda chini ya roshani, halafu akaegemeza ngazi ukutani. Alianza na roshani ya magharibi. Mashine ililia, ikalia, likatoka vumbi laini la kijivu. Akaenda mashariki nusu ya kusini, ikalia vilevile. Akahamia kaskazini. Pale haikulia. Iliingia tu, kama kijiko kwenye kiporo, na mchanga ukaanza kumwagika kutoka kwenye tundu, mchanga mtupu, unateleza kama mtu amepasua gunia.

Mhandisi akaukinga kiganjani, akashuka, akamwekea nyapara mkononi. Nyapara akauangalia. Akatoa kitambaa akajifuta kidole kimoja kimoja, akasema ana mtu anamsubiri dukani. Akaondoka. Jumamosi hakuja, na kiti chake kilikaliwa na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

Ningesema hapo nilifurahi. Sikufurahi. Nilikaa sakafuni, nikawaza, kumbe ilikuwa inatosha kutoboa. Tundu moja. Miaka ishirini na zaidi, na kulikuwa na mashine za kutoboa mji mzima.

Binti alikuwa analia kimya kimya. Akasema, "Basi tunaufuta ukumbi kwenye ziara. Watu waishie msikitini."

"Hapana," nikasema. Nilisema kwa ukali, akashtuka. "Ukifuta, Jumatatu watafunga kufuli, watarudisha mafaili, na siku moja atakuja mwingine na ngoma yake. Fungua. Funga huko juu tu. Watu wasimame chini, upande huu wa magharibi, niwaambie kwa nini hawapandi."

"Lakini mama, watu wanakuja kuona uzuri."

"Na uzuri upo. Yale mawe unadhani yalitembea?"

Mhandisi akacheka, mara ya kwanza. Akamwambia binti, "Msikilize mama yako. Mimi nitaandika barua kwa wenye jengo leo leo, na hiyo mirunda haitoki mpaka ile nusu ibomolewe."

Jumamosi walikuja watu ambao sikutarajia. Mimi nilidhani wataletwa wageni wenye kamera. Walikuja walimu, mafundi seremala, akina mama wa kwaya na wale wa madrasa, wanafunzi wa chuo na simu zao, na watu wa Kikuyu wanaonunua mchicha kwangu, wakashangaa kuniona nimevaa beji. Waliguna mlangoni kwa kuona ngazi ya kwenda juu imepigiwa mbao. Nikawasimamisha upande wa magharibi. Nikawaeleza mawe yalitoka wapi, madirisha yaliwekwaje, karai lilipitaje. Nikawaimbia. Halafu nikawaeleza roshani, na nani alifanya nini: mkandarasi, nyapara, karani. Na kidole ni cha nani. Sikukificha.

Kwenye kundi la pili, nilipofika kwenye kuitikia, bibi mmoja nyuma akaitikia peke yake, kwa sauti mbovu, na maneno yote ni sahihi. Nilimtazama nikamtambua. Alikuwa wa tisa kwenye ngazi, mimi wa kumi, makarai yote niliyopokea yalitoka mkononi mwake.

"Wewe!" akaniita mbele za watu. "Bado unachelewa kuitikia! Ndiyo maana ulikuwa unanimwagia zege miguuni!"

Watu wakacheka. Akabaki nami mpaka mwisho, akawa anaitikia kila kundi na kunisahihisha. Makundi yalikuwa saba. Jina la mwimbishaji wetu nililitamka mara saba mle ndani, kwa sauti, na mara zote saba yule bibi alisema "ndiye huyo" kana kwamba anathibitisha kwa polisi. Hapa siliandiki. Lile ni la watoto wake, na wameshaambiwa waje Jumamosi ijayo, maana binti anasema ziara zitaendelea.

Kundi la mwisho lilikuwa na bwana mmoja wa Kondoa, mwenye kanzu na tumbo, aliyekuja na mke wake na mabinti watatu. Huyo hakuridhika. Nilipomaliza kueleza akauliza sasa juu tunapanda saa ngapi. Nikamwambia hatupandi. Akasema ametoka Kondoa na basi la alfajiri kwa ajili ya kuona ukumbi kutoka juu, tangazo lilisema juu, na yeye hawezi kwenda kuwaambia watu wake ameona ukumbi kutoka chini, chini hata kwao anaona. Mke wake akamvuta kanzu. Akaendelea. Akasema Dodoma kuna ujanja mwingi siku hizi. Akasema angejua angebaki dukani kwake. Binti akataka kuja kunisaidia, nikampungia mkono amwache.

Nikatoka naye nje mpaka barabarani, nachechemea, yeye analalamika, mabinti zake wanaziba midomo kwa kicheko. Akalalamika tukiwa tunasubiri magari yapite. Akalalamika kuhusu jua. Nilimsikiliza neno kwa neno, kichwa nimekiinamisha kwa adabu. Mwisho akachoka, akaniuliza kama kituo cha mabasi ya Kondoa kiko mbali, nikamwonyesha njia, na nikasimama pale nikiwaangalia wote watano wakienda kwa miguu yao, mpaka wakakunja kona.